Gololi zinapotikiswa zikaganda upande mmoja: je, hayo ni mabadiliko ya hali kweli?

#1 Mtikisaji

Habari zenu wanajukwaa.

Naomba tujadili jambo ambalo limenishika kwa wiki mbili sasa. Nimegundisha sahani bapa ya alumini yenye kipenyo cha sentimita 10 juu ya spika kubwa, nikaizungushia ukingo wa plastiki, kisha nikamwaga humo gololi za beringi 1,500, za chuma, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 2. Zimetanda tabaka moja tu na zimefunika kama nusu ya sahani. Spika naiendesha kwa mitetemo 70 kwa sekunde.

Sauti ikiwa juu, gololi zote zinarukaruka na kugongana ovyo, na huwezi kuchagua hata moja ukaifuata kwa jicho. Nikiipunguza polepole, kwa muda mrefu hakuna kinachobadilika isipokuwa mwendo unapungua kidogo kidogo. Halafu, katika alama ileile ya kitufe kila ninaporudia, gololi sita au saba zinatulia zikiwa zimegusana, nyingine zinakuja kujishikiza pembeni, na ndani ya sekunde chache kinazaliwa kisiwa kilichotulia tuli, kimepangika kama sega la nyuki, huku gololi za nje zikiendelea kuruka. Ukiinamia ukingo wa kisiwa hicho unaona gololi moja ikibanduka na kupotea, na baada ya muda mfupi nyingine inatua palepale. Nikirudisha sauti hadi pale kisiwa kilipozaliwa, hakiyeyuki. Ni lazima niipandishe zaidi ndipo kianze kumung'unyuka kutoka pembezoni.

Je, huku ni kuganda na kuyeyuka kwa maana ileile ya maji na barafu, au tunaazima maneno tu? Na kama ni kuganda, ni kitu gani kinachoshika nafasi ya halijoto?

#2 MwalimuWaHali

Asante kwa uzi huu, Mtikisaji. Naanza na upande wa ndiyo.

Watu wengi hudhani kwamba ili kitu kigande ni lazima chembe zake zivutane. Mwaka 1957 Alder na Wainwright walionyesha kwa kompyuta kwamba tufe ngumu zisizovutana hata kidogo huganda zenyewe zikisongamana vya kutosha. Kwa tufe za namna hiyo, kimiminika huanza kuganda zinapojaza 0.494 ya ujazo, na fuwele, yaani yabisi yenye mpangilio nadhifu, inayoishi pamoja nacho hujaza 0.545. Sababu yake ni entropi, yaani wingi wa namna ambazo chembe zinaweza kujipanga: katika msongamano mkubwa, mpangilio nadhifu humpa kila mmoja nafasi kubwa zaidi ya kutikisika kuliko vurugu, ambamo wote wamebanana. Halijoto haibadilishi alama hizo, kinachoamua ni nafasi.

Sasa, gololi zako zinagongana kama tufe ngumu. Mwaka 2006 Reis, Ingale na Shattuck walitikisa gololi za chuma zilizofungiwa kati ya bamba mbili zilizokaribiana, wakakuta kimiminika kinaanza kuganda gololi zikifunika 0.652 ya eneo na kuwa yabisi kamili kwenye 0.719, na walipolinganisha na duara ngumu zilizo katika mizania ya kawaida, yaani zisizolishwa wala kupoteza nishati, waliona matokeo yanaoana. Kwa ushahidi huo mimi naliita tukio lako kuganda bila kusita.

#3 Sijaridhika

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo umeruka hatua kubwa.

Chukua punje ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 1. Nishati inayohitajika kuinyanyua kwa urefu wa kipenyo chake ni zaidi ya mara trilioni moja ya nishati ambayo joto la kawaida la chumba linaipatia chembe moja. Kwa hiyo halijoto tunayoijua haina mchango wowote hapa: ukizima spika, gololi zitakaa zilivyo hadi mwisho wa dunia. Kila mgongano unapoteza nishati ikawa sauti na joto, na spika inalazimika kuimwaga upya kutoka chini. Barafu iliyomo katika chupa iliyofungwa vizuri haihitaji mtu wa kuisukuma ili iendelee kuwa barafu. Mfumo unaoishi kwa kulishwa nishati na kuivuja hauko katika mizania, na sheria za mabadiliko ya hali ziliandikwa kwa ajili ya mizania. Kufanana kwa namba mbili katika jaribio moja ni jambo la kupendeza, lakini halijathibitisha kwamba sababu ni ileile.

#4 Kikotoo

Kabla hatujaenda mbali, nimepiga hesabu. Sahani ya sentimita 10 ina eneo la milimita za mraba 7,854, na gololi ya milimita 2 ikitazamwa kutoka juu inafunika 3.14. Maana yake ukigawa idadi ya gololi kwa 2,500 unapata sehemu iliyofunikwa. Mtikisaji ana gololi 1,500, kwa hiyo ni 0.60 wala si nusu kama alivyoandika.

Hili si suala la kusahihishana tu. Kwa namba alizozileta Mwalimu katika #2, 0.60 iko chini ya 0.652. Kwa nafasi peke yake gololi hizo hazikupaswa kuganda.

#5 Mfamasia

Mimi ninaingia kwa mlango wa unga. Katika kazi yetu kuna kipimo cha kugongesha: unga unamiminwa katika silinda yenye alama, mashine inaiinua na kuiangusha, na tunasoma ujazo baada ya migongo (mapigo) 10, kisha 500, kisha 1,250. Unga unashuka sana mwanzoni, halafu unashuka kwa unyonge, halafu unakuwa kama umegoma. Kwa miaka mingi niliamini kwamba umefika mwisho.

Baadaye nilisoma kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1995, ambamo shanga za kioo ziligongeshwa ndani ya bomba refu. Zilianza zikijaza takriban 0.58 ya ujazo, na hata baada ya maelfu kumi ya migongo bado zilikuwa zinapanda, kwa mwendo wa logariti, yaani kila hatua mpya inagharimu migongo mingi kuliko zote zilizotangulia. Kinachonishangaza ni kwamba mpangilio nadhifu wa tufe, ule ambao Kepler aliukisia mwaka 1611, unajaza 0.74, lakini ukimimina tufe ovyo na kuzitikisa kwa kawaida zinakwama karibu na 0.64. Hazigandi kuwa fuwele. Zinakwama.

Kwa hiyo naongeza swali juu ya swali: kwa nini gololi za Mtikisaji zinajipanga kama sega la nyuki, na shanga za Chicago zinashindwa?

#6 MwalimuWaHali

Swali la #5 lina jibu ambalo ninaliamini. Katika tabaka moja, gololi tatu zilizogusana zinafanya pembetatu, na pembetatu zinajaza sakafu yote bila kuacha mwanya, kwa hiyo mpangilio mzuri wa jirani na mpangilio mzuri wa sahani nzima ni kitu kimoja. Katika ujazo, tufe nne zilizogusana zinafanya piramidi yenye nyuso nne za pembetatu, na piramidi hizo haziwezi kujaza nafasi bila mianya. Kila kundi dogo linajipanga vizuri kwa faida yake, na makundi hayo yanazuiana.

#7 FundiZege

Salaam. Sisi wa ujenzi tunayaona haya kila siku. Zege linapomiminwa katika umbo limekaa kama lundo, ukichomeka mashine ya kutetemesha linalegea ghafla, linateremka na kujaza pembe zote, na viputo vya hewa vinapanda juu. Ukiitoa mashine linasimama tena. Na katika tetemeko la Niigata la mwaka 1964, majengo ya ghorofa yaliinama mazima mazima kwa sababu mchanga chini yake uligeuka kama uji. Hiyo si kuyeyuka?

#8 Sijaridhika

FundiZege, mfano wako wa Niigata ni mzito, ila una mhusika mwingine ambaye hayumo kwenye sahani ya Mtikisaji: maji. Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa unataka kujikaza, lakini maji hayapati muda wa kutoka, kwa hiyo shinikizo lake linapanda hadi linabeba uzito ambao punje zilikuwa zikibebeana kwa kugusana. Punje zikiacha kukandamizana, msuguano unakufa na ardhi inatiririka. Zege nalo lina maji na saruji katikati ya kokoto. Tusichanganye mambo hayo na gololi kavu.

Baada ya hesabu ya Kikotoo naona njia ya kueleza kisiwa bila kutaja kuganda. Sehemu ikisongamana kidogo kwa bahati, migongano inakuwa mingi pale, nishati inapotea haraka, gololi zinapoa mwendo, na zile zinazoingia kutoka nje zinanaswa. Msongamano unazaa msongamano. Goldhirsch na Zanetti walilieleza hilo mwaka 1993 kwa gesi ya punje. Hata chombo kilichogawanywa kwa ukuta wenye tundu juu yake kidogo kinalionyesha: ukikitikisa kwa nguvu, punje zinagawana pande mbili sawasawa, ukipunguza nguvu, upande mmoja unajaa na mwingine unabaki karibu mtupu, kwa sababu upande wenye wengi umepoa na punje zake haziwezi tena kuruka hadi kwenye tundu. Gesi ya kawaida haifanyi hivyo kamwe.

#9 FundiSpika

Nimefuatilia kimya kimya, na ninaona wote mnatazama gololi kana kwamba sahani haipo.

Ulizeni kwanza kama sahani ina nguvu ya kuinyanyua gololi iliyotulia. Gololi iliyolala haibanduki mpaka mchapuko wa sahani, yaani kasi ya kubadilika kwa mwendo wake, uzidi ule wa mvutano wa dunia. Kwa mitetemo 70 kwa sekunde, hilo linatokea sahani ikipanda na kushuka milimita 0.05 kila upande wa katikati, yaani kama nusu ya unene wa karatasi. Chini ya hapo, gololi iliyolala italala daima, lakini gololi ambayo tayari inadunda inaweza kuendelea kudunda, kwa sababu inaikuta sahani ikiwa inapanda na inapigwa teke jipya. Hali mbili, lala na dunda, zinaishi kwa mtikisiko uleule. Hapo mnapata kisiwa kilichotulia katikati ya gesi, na mnapata pia sababu ya kisiwa kugoma kuyeyuka palepale kilipozaliwa, bila entropi na bila kunaswa.

Mtikisaji, kipimo chake ni rahisi. Weka washa ya chuma, kile kipete bapa cha chini ya nati, juu ya sahani iliyo tupu. Itakaa kimya, halafu katika alama moja ya kitufe itaanza kulia tatatata. Alama hiyo ndiyo mchapuko unaolingana na wa dunia. Tuambie kisiwa kinazaliwa juu yake au chini yake.

#10 Mpitanjia

Samahani kwa kuingilia, lakini mimi nilidhani tabia hizi za ajabu za punje ziligunduliwa Texas mwaka 1996, zile nundu zinazocheza peke yake?

#11 MwalimuWaHali

Hapana, ndugu Mpitanjia. Chladni alichora maumbo ya mchanga juu ya bamba zinazotetemeka mwaka 1787, na Faraday mwaka 1831 alichunguza kwa makini kwa nini unga mwepesi unakusanyika pale bamba linapotetemeka zaidi wakati mchanga unakimbilia pale palipotulia. Alionyesha kwamba ni mikondo ya hewa, kwani alipoipunguza hewa, unga nao ulikwenda kwenye mistari tuli.

Ila kazi ya Texas, ya Umbanhowar, Melo na Swinney, ni ya kipekee. Walitikisa tabaka la punje ndogo za shaba nyeusi na kupata mistari, miraba na pembesita, na katika ukanda mwembamba wa mtikisiko wakapata nundu moja moja ambazo ni kilele katika mzunguko mmoja na shimo katika unaofuata. Waliziita osiloni. Mbili zinazopanda pamoja zinasukumana, na mbili zinazopishana zinavutana na kushikamana. Tazama hasa kwamba zinapatikana mahali ambapo hali mbili, tambarare na yenye maumbo, zinawezekana kwa mtikisiko mmoja, jambo ambalo linagusa hoja ya FundiSpika moja kwa moja.

#12 Mtikisaji

FundiSpika, nimefanya ulivyosema, nikarudia mara tano. Washa inaanza kulia kitufe kikiwa kwenye alama ya 4. Kisiwa kinazaliwa kati ya 3 na 3.5, kwa hiyo ni chini ya mchapuko wa dunia, na kinaanza kuyeyuka kidogo tu baada ya 4. Hadi hapo umepatia.

Lakini kuna jambo ambalo maelezo yako hayalifikii. Nimeweka gololi moja peke yake, nayo inaendelea kuruka hadi chini kabisa, karibu na 2.5. Nimeweka 300, na kisiwa kinachelewa kuzaliwa kuliko zikiwa 1,500. Kama ni suala la kila gololi na sahani yake, wingi wa gololi haungepaswa kubadilisha kitu. Jambo la pili ni kwamba gololi mbili au tatu zikitulia pamoja, karibu kila mara zinapigwa na majirani na kutawanyika. Zikifika sita au saba ndipo zinadumu na kukua.

#13 MwalimuWaHali

Hicho cha mwisho ndicho nilichokuwa nakisubiri! Maji safi yaliyopozwa chini ya nyuzi sifuri hayagandi mpaka pazaliwe punje ya barafu yenye ukubwa wa kutosha. Iliyo ndogo mno inayeyuka, iliyozidi kiwango fulani inakua. Olafsen na Urbach wa Chuo Kikuu cha Georgetown walichapisha mwaka 1998 jaribio linalofanana sana na lako, la tabaka moja la gololi za chuma chini ya mchapuko wa dunia, wakaona mbegu za namna hiyo na visiwa vya pembesita vilivyotulia vikizungukwa na gesi.

#14 Sijaridhika

Ni kweli, na kundi hilohilo likafunika gololi kwa bamba la juu, na mwaka 2004 likaripoti fuwele ya tabaka mbili, yenye mpangilio wa mraba, ikiishi pamoja na gesi yake. Walipopima halijoto ya punje, yaani ukali wa mwendo wa ovyoovyo, waliikuta ndani ya fuwele ni ndogo kuliko nje. Mwalimu, barafu na maji vinavyoishi pamoja vina halijoto moja, na bila usawa huo neno lenyewe linapoteza msingi. Mbegu ninazikubali. Siamini kwamba mbegu peke yake inatosha kutuita kwenye kuganda.

#15 MwalimuWaHali

Ninakubali kwamba halijoto ya punje si halijoto kamili. Lakini marehemu Sam Edwards alipendekeza mwaka 1989, pamoja na Oakeshott, kwamba kwa punje tuihesabu nafasi badala ya nishati: jumla ya ujazo inachukua kiti cha nishati, na wepesi wa punje kubanwa zaidi unachukua kiti cha halijoto. Msingi unaweza kubadilika na jengo likabaki.

#16 Kikotoo

Mwalimu, niruhusu nikurudishe kwenye #2. Namba 0.652 na 0.719 ni za jaribio la 2006. Kwa duara ngumu zilizo katika mizania, Bernard na Krauth walionyesha mwaka 2011 kwamba kimiminika kinaishi pamoja na hali ya kati, iitwayo heksatiki, kuanzia takriban 0.700 hadi 0.716, na yabisi inafuata karibu na 0.720. Mwisho unakaribiana sana, mwanzo haulingani. Heksatiki ni hali ambayo safu za gololi zimepotoka mahali pake, lakini pande sita za kutazama zinabaki zilezile kwa umbali mrefu. Kwa hiyo hata kwa mizania yenyewe kuyeyuka kwa tabaka moja hakufanani na barafu, kunapita hatua mbili.

#17 MwalimuWaHali

Nimesahihishika kuhusu 0.652, asante. Niliitumia kana kwamba ni namba ya asili yenyewe.

#18 Mfamasia

Naongeza kisa kutoka kazini. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kilichanganya dawa na wanga vizuri kabisa, sampuli zikapimwa na kupita, lakini vidonge vya mwisho wa pipa vikatoka na dawa nyingi kuliko vya mwanzo. Mashine ilikuwa inatetemesha kihori cha kulishia, na punje kubwa zilikuwa zinaibuka juu huku ndogo zikipenya chini. Tulitupa kundi zima. Knight, Jaeger na Nagel walionyesha mwaka 1993 kwamba shanga kubwa inabebwa juu na mzunguko wa punje zote, zinazopanda katikati na kushuka katika ukanda mwembamba kandokando ya ukuta, na shanga kubwa haiwezi kuingia katika ukanda huo ili ishuke. Wengine wanatilia mkazo mianya inayojazwa na punje ndogo kila chombo kinaporuka. Nilipokuwa nalisafisha lile pipa nilitamani sana kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Ninachotaka kusema ni hiki: ukubwa wa punje usipolingana, mpangilio unavurugika. Mtikisaji, umejaribu kuchanganya?

#19 Mtikisaji

Nimejaribu jana usiku kwa sababu ya ujumbe wako. Nimechanganya gololi za milimita 2 na za milimita 3, nikihakikisha zinafunika 0.60 ileile. Kisiwa kimezaliwa, chini ya mlio wa washa kama kawaida, na kimegoma kuyeyuka kama kawaida. Lakini hakina sega la nyuki. Kubwa na ndogo zimelala ovyo, zimebanana, na mstari mrefu kuliko gololi nne sijauona. Niliwasha tochi kutoka ubavuni ili vivuli vinioneshe safu, sikuona safu.

#20 Sijaridhika

Basi kuna mambo mawili yaliyokuwa yamevaa nguo moja. Kutulia kunatokea bila kujipanga. Gololi zinalala kwa sababu ya kupoteza nishati, kisha zile zenye ukubwa mmoja zinajipanga kwa sababu hazina namna nyingine ya kukaa zikigusana.

#21 MwalimuWaHali

Au kuna kuganda kwa namna mbili, fuwele na kioo, yaani yabisi isiyo na mpangilio, kama ilivyo kwa vimiminika vingi vinavyopozwa. Mchanganyiko wako wa ukubwa mbili ndio hasa hutumika kuzuia fuwele ili kioo kipatikane.

Ili kutenganisha hoja yangu na ya Sijaridhika, ni lazima umwondoe FundiSpika kwanza. Pandisha mtikisiko juu kabisa ya mlio wa washa, ili gololi yoyote isiweze kulala, funika kwa kioo ili zisipande juu ya nyingine, kisha usiguse kitufe. Ongeza gololi badala ya kupunguza sauti. Fuwele ikizaliwa hapo, itakuwa fuwele inayotikisika, na kulala hakutakuwa sababu.

#22 Kikotoo

Kwa sahani hii 0.652 ni gololi 1,630 na 0.700 ni gololi 1,750. Ongeza kumi kumi ukifika 1,600.

#23 FundiSpika

Na uhakikishe sahani iko sawa kwa pimamaji kila unapoongeza. Mwinamo mdogo tu unakusanya gololi upande mmoja, na msongamano wa upande huo hautakuwa ule wa hesabu ya Kikotoo.

#24 Mtikisaji

Sahani ilikuwa imeinama kidogo kweli, FundiSpika. Nimesawazisha sasa hivi, na kisiwa kimehama kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, lakini alama ya kuzaliwa haijabadilika.

Gololi 300 za ziada nimezihesabu na kuzitenga kumi kumi. Kioo nimekipeleka kukatwa, na pengo nimeliweka milimita 3.2 ili gololi moja isiweze kupita juu ya nyingine. Nikifika 1,630 nitaandika hapa nilichokiona kabla sijaongeza nyingine.